Kiwanda kimeondoa basi la usiku, bima ya familia na kitoweo. Moyo wa kazi nautoa wapi?

Mama Kulwa

Habari za humu ndani. Naomba mawazo ya watu wazima, wa matusi wapite kando.

Mimi ni supavaiza kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa ziwani. Jina sitalitaja, na anayelihisi abaki nalo. Nasimamia meza za usafishaji: mkataji akishatoa nofu na ngozi ikavuliwa, linakuja kwetu, tunaondoa mafuta, damu na miiba, ndipo liende kupangwa kwenye masanduku. Karibu wote mezani kwangu ni kina mama. Ni kazi ya kusimama, gambuti miguuni, mikono kwenye baridi, kisu hakitoki kiganjani mpaka zamu iishe.

Tangu mwaka huu uanze tumekuwa tukipunguziwa kimoja kimoja. Kilianza chakula cha mchana. Ugali na maharage, Ijumaa wali, vikageuka chai na andazi. Tukasema sawa, tutabeba vyombo vyetu. Likafuata basi la kurudisha zamu ya usiku, lile lililokuwa linashusha watu Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani mpaka Buhongwa, na la barabara ya Musoma lililokuwa linafika Igoma na Kisesa. Kisha tangazo la bima: mfanyakazi anabaki, mwenza na watoto wanatoka. La mwisho ni kitoweo. Kila Jumamosi mtu alikuwa anaondoka na kichwa cha sangara au mapanki (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa), bure. Sasa vyote vinachukuliwa na wakala, hata mkia hauonekani.

Mtacheka, lakini katika yote hayo, kilichowavunja moyo kina mama ni kitoweo. Bima ilipoondolewa walinung'unika, wakahesabu watoto, wakaendelea na kazi. Jumamosi ya kwanza bila vichwa, meza ilinyamaza kabisa, na meza ya kina mama hainyamazi hivi hivi. Nimelifikiria sana jambo hili. Bima unaikumbuka siku ya kuumwa. Kichwa cha samaki unakibeba mwenyewe kwenye mfuko, kondakta anakutania, jirani anakuona, watoto wanajua leo ni Jumamosi. Hata yule mwenye mshahara mdogo kuliko wote alikuwa na kitu cha kuingia nacho nyumbani.

Sababu tuliyopewa ni kwamba samaki wamepungua. Si uongo. Kuna wiki gari la wakala anayetuletea samaki linaingia limejaa barafu, samaki wa kuhesabu. Wanaofika wengi wadogo, na aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Hayo tunayaona kwa macho. Lakini tunaona pia gari jipya la bosi limeegeshwa pale pale lilipokuwa linasimama basi letu, kwa hiyo maelezo ya samaki kupungua watu wanayasikiliza kwa sikio moja.

Sasa kazi imeanza kuharibika. Hakuna aliyetangaza mgomo. Ni vitu vidogo: nofu linapita na miiba, mtu anakwenda chooni anakaa, kisu butu kinaachwa butu. Afisa ubora anarudisha masanduku, tunaanza upya, zamu inarefuka, na zamu ikirefuka hakuna basi. Mimi ndiye wa kusema, na nikisema naona aibu, maana ninayoyakemea na mimi nayasikia moyoni.

Juzi wakubwa wakaniita. Wakaniambia, "Wape moyo watu wako, waambie sisi ni familia." Familia gani inayotoa watoto kwenye bima? Sikuuliza. Nilijibu ndiyo bosi, nikarudi mezani, na neno hilo sijalifikisha mpaka leo.

Sitaki kuacha kazi. Kulwa na Doto wako sekondari. Sitaki pia kuwa mtu wa kununa, maana hasira ya kazini huwa naibeba mpaka jikoni, mume wangu ni shahidi. Naomba kwa mliowahi kupunguziwa marupurupu: mlibakije na moyo wa kazi bila kujifanya? Na tafadhali msiniambie nishukuru kwamba nina kazi. Hilo nimeshaambiwa na mama mkwe.

Ngosha wa Nyakato

Pole mama. Mimi jibu langu fupi: wamepunguza, punguzeni. Basi limeondoka, na kasi iondoke. Mwajiri hasikii mpaka aone hasara. Huo moyo wa kazi ukimwonyesha bodaboda saa sita usiku hakupeleki Buhongwa.

Katibu wa Tawi

Ngosha, ushauri wako ni mtamu kuusoma ukiwa umekaa Nyakato. Atakayeitwa kwenye kikao cha nidhamu si wewe, ni mama mwenye kisu butu. Kugoma kuna utaratibu wake kisheria. Kuzembea kimyakimya si utaratibu, ni kumwandalia mwajiri sababu ya kukuondoa.

Mama Kulwa, mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, kiwanda kingine, si cha samaki. Kabla hujatafuta moyo, tafuta karatasi. Watu wengi wanachukia vyote kwa pamoja, na hasira ya namna hiyo haimfikishi mtu popote kwa sababu humo ndani kuna vitu vya aina mbalimbali.

Kuna vitu ambavyo hata ziwa likikauka mwajiri hana ruhusa ya kuvigusa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikizidi, ni ovataimu, na inalipwa mara moja na nusu. Ile zamu iliyorefuka kwa sababu masanduku yamerudi nayo imo, msidanganywe kwamba ni adhabu ya kujitakia. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kila saa ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hii wengi hawaijui, na kwenye slipu huwa haionekani kwa jina. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi 84, mapacha 100 (wewe unalijua hili kuliko mimi).

Halafu kuna yaliyoandikwa kwenye barua ya ajira, au kwenye mkataba wa hali bora, yaani ule wa chama cha wafanyakazi na mwajiri, kama tawi lenu lina mkataba. Haya yanaweza kubadilishwa, lakini si kwa tangazo la ukutani. Mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi na ampe mabadiliko kwa maandishi. Bima ya familia mara nyingi iko humu. Itafute kwenye barua yako ya kwanza kabisa, ile uliyoihifadhi na vyeti vya ubatizo.

Kitoweo, nasikitika, inawezekana kabisa ni hisani tu. Ndiyo maana kinauma: hakuna pa kukidai.

Mkishindwana, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Watu wanakaa wananung'unika miezi minne halafu wanakuja ofisini kwangu. Ninawapa maji ya kunywa, sina kingine cha kuwapa.

Jambo la mwisho. Mwajiri anayepunguza vinavyoonekana, angalieni na visivyoonekana. Kila mtu aulizie taarifa yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aone kama michango inaingia. Slipu kuonyesha umekatwa haimaanishi pesa imefika.

Mzee wa Mkuyuni

Binti yangu Mama Kulwa, nimekata sangara miaka mingi, mgongo huu ni ushahidi. Sasa nimestaafu, nafuga kuku.

Mwaka 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa habari kwamba watu wanavua kwa sumu. Wenzangu wa rika langu wanakumbuka. Minofu mingi ilikuwa inakwenda huko. Siku moja viwanda vinaunguruma, kesho yake unasikia mashine ya barafu peke yake. Kiwandani kwetu meneja wa uzalishaji hakubandika tangazo. Alivaa gambuti, akaingia chumba cha kukatia, akasimama kwenye maji kama sisi, akatuambia kiasi kilichokuwa kinauzwa na kiasi kinachouzwa sasa, na kwamba tutafanya kazi siku chache kwa wiki kwa zamu, na yeye mwenyewe mshahara wake umekatwa kiasi fulani. Sijui kama alisema kweli ile ya mshahara wake. Lakini alikuja. Hakuna kisu kilichozembea katika kipindi chote kile, na njaa ilikuwa njaa.

Baadaye nilihamia kiwanda kingine. Huko nako yakaja ya kupunguza, wakaondoa chakula na posho ya nyumba, kwa karatasi iliyobandikwa jirani na choo. Hapo ndipo nilipojifunza hili ninalotaka kukwambia.

Wakati ule nilikuwa nafika mapema kuliko zamu, nanoa visu vya meza nzima. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa napenda kisu kikali, na vijana walikuwa hawajui kunoa. Ile karatasi ilipobandikwa, wenzangu walianza kufanya anavyosema Ngosha. Mimi sikuweza, si kwa utakatifu. Mkataji akikata vibaya, nyama inabaki kwenye panki, na kila anayepita anaona nani kakata. Sikutaka kuonekana hivyo. Ila nilikwenda ofisini nikasema hivi: kuanzia Jumatatu nitaingia saa iliyoandikwa kwenye mkataba, visu vitanolewa ndani ya zamu. Sikupaza sauti. Meneja alikasirika, akasema nimebadilika. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu na mkataba umebadilika.

Jumatatu meza ilichelewa kuanza. Jumanne pia. Wiki haikuisha, wakaweka nusu saa ya kunoa, ndani ya muda wa kulipwa.

Kwa hiyo kazi yangu ya saa nilizolipwa ilibaki safi ile ile, hata wangeleta mkaguzi kutoka Ulaya. Nilichorudisha mfukoni ni kile nilichokuwa nawapa kwa mapenzi yangu. Na nilikirudisha mchana, wakiniona. Ule unaoitwa moyo wa kazi ulirudi wenyewe baada ya hapo, maana nilikuwa sina cha kuficha. Anayezembea kwa siri anachoka mara mbili, kwa kazi na kwa kuchungulia nani anamwona.

Wewe jiulize, kabla ya yote haya ulikuwa unawapa nini cha ziada? Supavaiza hakosi.

Na hilo neno la familia usilipeleke mezani kamwe. Ukilisema mara moja, hata siku utakayosema kweli hawatakuamini.

Dada wa Mwaloni

Mzee shikamoo. Umesema vizuri lakini wewe ulikuwa mkataji fundi, tena mwanaume, wa kudumu. Ungeondoka wangekutafuta. Kibarua wa kusafisha minofu akienda ofisini kusema "kuanzia Jumatatu", anaambiwa kuanzia leo. Getini wako wengine wamesimama na aproni mkononi. Ushauri wa mzee ni wa Mama Kulwa, si wa watu wake.

Mimi nilikuwa kwenye kiwanda kama hicho, basi lilipoondolewa nikaondoka na mimi. Sasa niko Kirumba Mwaloni nauza dagaa. Nasikia wengi mnasema bora ujiajiri, basi niwape picha. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavuliwi, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, kwa hiyo kila mwezi kuna siku za kula akiba. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa juani hawajakauka, umelia. Likizo yenye malipo sijaiona tena. Sijutii, lakini usitoke kwa hasira ya kichwa cha sangara.

Kuhusu usafiri: wenzangu waliobaki walichanga, wakakodi Hiace moja kwa mwezi, dereva anawasubiri zamu ikitoka. Ukigawa kwa watu waliojaa gari ni nafuu mbali na boda. Usalama ndio usiseme.

Ngosha wa Nyakato

Katibu nimekusoma, nilikuwa natania nusu. Nusu nyingine sikutania.

Mama Kulwa

Nawashukuru nyote. Samahani kwa kukaa kimya, zamu zilibana.

Barua yangu ya ajira niliipata, na Katibu ulijuaje, ilikuwa kwenye bahasha ya vyeti vya ubatizo. Imeandikwa "matibabu ya mfanyakazi na familia yake". Basi halimo. Chakula hakimo. Kitoweo ndiyo kabisa. Barua za wenzangu wa kudumu zinasema hivyo hivyo, za vibarua hazisemi lolote, na wengine hawana hata barua. Tumeandika ya pamoja kuomba kikao juu ya bima peke yake. Kuna waliotaka tuingize kila kitu mpaka sabuni, nikakataa. Tukidai basi na kichwa cha samaki kwenye karatasi moja na bima, watatujibu la kichwa cha samaki tu.

Mezani niliongea nao wakati wa chai. Familia sikuitaja. Niliwaambia mimi pia watoto wangu wametolewa, na kwamba sina habari ya siri kutoka juu. Niliwaambia mwiba ukipita hapa hauendi kumchoma meneja, unakwenda kumchoma mtu anayekula na mwanawe, na sanduku likirudi tunaolala hapa ni sisi. Mmoja wao, mama mtu mzima, akaniuliza, "Kwa hiyo unatuambia tuvumilie?" Nikamwambia hapana, nakuambia kata vizuri halafu uje tusaini. Akasaini, lakini kwa uso wa kunipa muda tu. Sina hakika nimemshawishi.

Mzee, swali lako lilinikosesha usingizi. Cha ziada nilichokuwa nawapa ni usiku wangu. Ripoti za uzito na za masanduku yaliyorudi nilikuwa nazipanga nyumbani kwenye simu, kwa bando langu, natuma kwenye grupu la WhatsApp la wakubwa wakati nyumbani wamelala. Nimewaambia ripoti itatoka kabla sijavua gambuti, na baada ya hapo simu ni ya nyumbani. Bosi alinuna. Ripoti sasa inaandikwa ndani ya zamu, na nimepewa binti wa kunisaidia kuhesabu. Jikoni nimekuwa mtu tena, ingawa mume wangu anasema bado napiga sufuria.

Dada wa Mwaloni, ulichosema ni kweli na sina jibu lake. Vibarua wangu wamenyoosha vidole kwenye Hiace, kwenye barua wameogopa kusaini, na sikuwalazimisha.

Sasa Katibu, lile la NSSF. Tumeulizia. Tunakatwa kila mwezi, slipu zinaonyesha, lakini miezi ya karibuni haijaingia. Kwa wote. Nilikuwa nimekasirikia mapanki.

Katibu wa Tawi

Basi hapo hadithi imebadilika. Hiyo asilimia 20 ya mshahara, nusu yenu na nusu ya mwajiri, inatakiwa ifike kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata. Iliyokatwa kwenye mshahara wako ni pesa yako, si ya kusubiri samaki warudi.

Msiichanganye na barua ya bima. Kila mtu apige picha slipu zake za miezi hiyo, pamoja na taarifa ya NSSF inayoonyesha pengo, mzipeleke ofisi ya NSSF ya mkoa kama malalamiko. Wana wakaguzi wao wanaoingia kiwandani kukagua vitabu, na mkaguzi akiingia anakagua ya wote, vibarua wakiwemo kama wanakatwa. Hapo wale walioogopa kusaini hawahitaji kusaini chochote. Pelekeni nakala, halisi zibaki nyumbani. Na wewe kama supavaiza usiende peke yako, nenda na wawili au watatu, mgongeshe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Mama Kulwa

Tunakwenda Jumatano, wa zamu ya usiku ndio wenye nafasi asubuhi. Nimeshawaambia waje na slipu, si na hadithi.

Wakati huo huo, mwenye kumjua dereva wa Hiace wa uhakika njia ya Nyegezi hadi Buhongwa, awe tayari kusubiri mpaka saa sita na nusu usiku, anitumie ujumbe. Tuko kumi na wanne, na tunalipa mwisho wa mwezi.